Majibu ya damu yanaposema figo ni nzima

Mvuvi wa Mugango mwenye misuli iliyojaa na bibi aliyekonda kwa uzee wanaweza kupima figo siku moja, karatasi zao zikaandikwa namba ileile, kumbe mmoja ni mzima na mwingine ni mgonjwa. Inakuwaje?

Kipimo cha damu kinachotumika zaidi ni cha kriatinini. Hii ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo huichuja ikatoka na mkojo. Figo zikidhoofika, hujaa kwenye damu. Lakini mwenye misuli midogo hutengeneza kriatinini kidogo tangu mwanzo. Figo zake zinaweza kuwa zimeharibika na jibu likaonekana zuri.

Kwa sababu hiyo wataalamu hupima pia sistatini C, protini inayotengenezwa na karibu seli zote za mwili, isiyotegemea sana misuli. Utafiti wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hesabu za kriatinini huzifanya figo zionekane nzima kuliko zilivyo, na kwamba sistatini C hukaribia zaidi ukweli. Hata hivyo kipimo hiki ni ghali zaidi, na sigara, ugonjwa wa tezi ya shingo au dawa za steroidi huweza kupotosha jibu lake.

Protini nyingine ya damu ni albumini, ila hii hutafutwa kwenye mkojo. Chujio zima huizuia, lililoharibika huiachia ipite. Ikipita kwa wingi, hatari ya figo kufeli huongezeka hata kama kriatinini ni nzuri. Kipimo cha kijiti cha mkojo ni rahisi na huweza kuonyesha dalili hiyo mapema.

Kwa hiyo tunashauri: ukiwa na presha, kisukari au VVU, au ukimeza dawa za maumivu kama diklofenaki mara kwa mara, uliza kituo cha afya kuhusu damu na mkojo, vyote viwili. Usisubiri kuvimba miguu, kwani dalili huchelewa. Jibu baya la mara moja si hukumu: ugonjwa sugu huthibitishwa tatizo likidumu zaidi ya miezi 3. Ukigundulika mapema, kudhibiti presha na sukari huweza kuzilinda figo zilizobaki na nguvu.