Mkazo wa Silabi Katika Kiingereza

Neno la Kiingereza lenye silabi mbili au zaidi huwa na silabi moja inayobeba mkazo mkuu. Kwa kawaida silabi hiyo hutamkwa kwa nguvu, sauti hupanda, irabu hurefuka na kusikika kikamilifu. Nyingine hufifia, na huko kufifia ndiko kunakomtatiza sana aliyelelewa na Kiswahili.

Mfano mzuri ni "banana", yaani ndizi. Kwenye maandishi lina a tatu, lakini Mwingereza huitamka wazi ile ya katikati tu. Ya kwanza na ya mwisho hugeuka sauti fupi, hafifu, ambayo wanaisimu huiita shwa. Kiswahili nacho kina kitenzi "banana", kama wafanyavyo abiria ndani ya daladala iliyojaa. Mkazo uko palepale, kwenye silabi ya katikati, ila a zote tatu husikika sawasawa. Kwa hiyo kuipata silabi yenye mkazo ni nusu tu ya kazi. Sharti zile nyingine zilegezwe.

Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Kiingereza hakina kanuni moja ya namna hiyo, na sababu ni historia yake. Maneno yake ya asili, kama "father" na "water", huwekewa mkazo mwanzoni. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia, kisha ya Kilatini na Kigiriki, nayo yakaleta mitindo mingine.

Hata hivyo, upo utaratibu. Viambishi tamati "-ic", "-tion" na "-ity" huuvuta mkazo hadi silabi inayovitangulia. "Photograph" lina mkazo kwenye silabi ya kwanza, "photographer" ya pili, "photographic" ya tatu. Kuna pia jozi kama "record": likiwa nomino mkazo huwa mwanzoni, likiwa kitenzi huwa mwishoni.

Mazoea ya Kiswahili hujitokeza hasa kwenye maneno yanayofanana. "Hospitali" lina mkazo kwenye "ta", ilhali "hospital" huanza nao. Katika hali hiyo kamusi inafaa kuliko kubahatisha: kwenye maandishi ya kifonetiki, kistari kidogo cha wima huwekwa juu, kabla ya silabi yenye mkazo mkuu, na kingine chini kwa mkazo mdogo.