Mifupa huzungumza na ini, lakini supu ya kongoro si dawa

Wagonjwa wenye mafuta kwenye ini huniuliza sana kama ni kweli supu ya mifupa husafisha ini. Dai hilo limechukua jambo la kweli la kisayansi na kulipotosha, na gharama yake ni muda wako.

Wengi wetu huiona mifupa kama nguzo za nyumba, ipo tu kubeba mwili. Kumbe ni hai. Seli zinazoijenga hutoa protini zinazoingia kwenye damu, mojawapo ikiitwa osteokalsini. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, wakiongozwa na Gerard Karsenty, walieleza kuwa panya wasioweza kutengeneza osteokalsini walinenepa na sukari yao ikavurugika. Ilionekana protini hii huchochea kongosho kutoa insulini na kuusaidia mwili kuitumia.

Hapo ndipo ini linapoingia. Insulini isipofanya kazi vizuri, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini huingia kwenye damu na mengi huishia kwenye ini, ambalo nalo hugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta. Yakionekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake, tunasema ini lina mafuta. Kwa kawaida haliumi. Wengi hugundua wakipimwa ultrasaundi kwa sababu nyingine. Kwa baadhi, ini hupata uvimbe, kisha makovu, hatimaye husinyaa.

Tafiti kadhaa zimekuta osteokalsini kidogo kwa wenye ini la mafuta. Lakini jogoo huwika alfajiri na si yeye anayeleta jua. Unene wenyewe unaweza kushusha osteokalsini na wakati huohuo kujaza mafuta kwenye ini. Tena, mwaka 2020 makundi mawili ya watafiti yalitumia panya wengine wasio na osteokalsini na hayakuona tatizo la sukari kama lile la 2007. Mjadala bado ni mkali, na mimi siwezi kukuandikia dawa kwa jambo ambalo wenyewe hawajakubaliana.

Na supu je? Osteokalsini ni protini. Ukiinywa, tumbo huimeng'enya kama protini ya maharage. Kunywa kongoro ukipenda, ila engua mafuta yanayoelea juu. Vidonge vya vitamini K navyo si vya kujaribia: kama unatumia warfarini, hupunguza nguvu yake na damu inaweza kuganda.

Mzazi, usilipie kipimo cha osteokalsini kwa mtoto mnene. Mtoto anayekua huwa na kiwango kikubwa kuliko mtu mzima kwa sababu mifupa yake inajengwa kwa kasi, hivyo majibu hayatakuambia hali ya ini lake. Mtazame shingoni. Weusi mzito unaofanana na uchafu, usiotoka hata ukisugua, mara nyingi ni dalili kwamba insulini haifanyi kazi vizuri (tafadhali usimgombeze kwamba haogi). Mlete apimwe sukari na vimeng'enya vya ini.

Kwa watoto tuna ushahidi mzuri zaidi kuliko wa mifupa. Mwaka 2019 Marekani ilichapisha utafiti wa wavulana 40 wa miaka 11 hadi 16 wenye ini la mafuta. Waliopunguziwa sana sukari ya kuongezwa kwa wiki 8, mafuta ya ini yalishuka kutoka wastani wa asilimia 25 hadi 17. Wenzao walioendelea kula kama kawaida karibu hawakubadilika. Chakula hicho kilipangwa kwa familia nzima, na hapo ndipo wengi tunapokwama: mtoto ananyimwa soda huku baba anakunywa yake mezani.

Kwa mtu mzima mnene, kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini; mwenye kilo 80 ni kilo 4 tu. Uvimbe wa ini unahitaji zaidi, asilimia 7 hadi 10. Kutembea haraka na kupanda ngazi hupunguza mafuta ya ini hata mizani ikichelewa kushuka, na mifupa nayo huimarika.

Macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa maji au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo.