Ubavu wa Samaki ni Kioo

Mfugaji wa samaki wa Chwele au Kiminini siku hizi huuza mavuno kabla hayajafika sokoni. Anavuta wavu, anapiga picha kwa simu, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na wateja wa Bungoma, Webuye na Kitale wanaanza kuagiza. Tangu serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa mwaka 2009 wa kuchimba mabwawa 200, kila moja lenye mita 300 za mraba, katika kila moja ya maeneo bunge 140, ufugaji huu umekuwa kazi ya kawaida katika mashamba ya magharibi. Picha zenyewe bado ziko nyuma. Tilapia mwenye afya anatokea akiwa na ubavu mweupe usioonyesha gamba hata moja. Kambare mnene anazama katika giza la karai. Mteja akiona hivyo anapita, au anataja bei ya chini.

Chanzo cha tabu hiyo ni ngozi ya samaki mwenyewe. Ndani ya ngozi na chini ya magamba kuna fuwele nyembamba mno za dutu iitwayo guanini, zimepangwa tabaka juu ya tabaka, nazo hurudisha mwanga kama kioo. Majini kioo hicho humficha samaki, kwa kuwa anaakisi rangi ya maji yanayomzunguka. Akitolewa nje ataakisi chochote kilicho mbele yake: jua, ukuta wa nyumba, hata shati la mpiga picha. Mtu akilielewa hili, mengine yote yanafuata. Kabla ya kumtazama samaki, tazama kwanza kile anachokiakisi.

Kitale iko digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, juu kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Adhuhuri jua liko karibu utosini na mwanga wake ni mkali. Ubavu wa samaki ukiupokea moja kwa moja, unatoa doa jeupe lililoungua, na pembeni yake kivuli cheusi. Simu haiwezi kuhifadhi vyote viwili kwa pamoja. Flashi nayo hufanya kosa lilelile kwa umbali wa karibu zaidi. Piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni ikiwa mvua ya alasiri haijanyesha. Kama wavu umevutwa mchana, mpeleke samaki kwenye kivuli cha ukuta, mahali ambapo anga bado inaonekana upande mmoja. Wengi hukimbilia chini ya mparachichi, ila majani humpaka samaki rangi ya kijani, na samaki wa kijani hununuliwa na nani? Turubai la buluu na karai la plastiki la buluu huleta hasara hiyohiyo, kwa sababu simu hujaribu kusawazisha rangi na kuishia kumpausha samaki.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote kinapatikana katika kila boma la Trans Nzoia: gunia jeupe la mbolea. Lifue, likauke, kisha mwombe mtu alishike wima upande wa pili wa samaki, ule usiopata mwanga. Gunia litarudisha mwanga laini kwenye tumbo na mapezi, na magamba yataanza kuhesabika moja moja. Lisogeze karibu, kisha mbali, likiwa limeinama kidogo, huku ukitazama kwenye simu. Utaona weupe ukitembea juu ya ubavu. Simama pale ambapo weupe unafifia kuelekea mgongoni bila kuufunika mstari wa ubavuni. Kumgeuza samaki kidogo tu, hata kwa upana wa kidole, kunaweza kuondoa doa ambalo hakuna programu ya kurekebisha picha itakayoliondoa baadaye.

Kambare ni habari nyingine. Hana magamba, ni mweusi, na ute wake hutoa povu. Mmwagie maji safi, acha yachuruzike, kisha mlaze ili mwanga umpige kutoka upande wa kichwa, maana umbo lake linaonekana kwa vivuli vyake. Zitandaze sharubu zake zote nane. Kwa kuwa yeye ni mweusi, simu itajaribu kuing'arisha picha nzima na kumfanya wa kijivu. Gusa kioo cha simu juu ya jicho lake, kisha telezesha kidole chini mpaka weusi wake urudi. Kwa tilapia aliyelazwa juu ya jani la mgomba ni vivyo hivyo: jani ni zito kwa rangi, simu inaongeza mwanga, na ubavu unaungua. Punguza. Picha yenye giza kidogo inarekebishika, iliyoungua haina dawa.

Kuhusu ukubwa, nina msimamo. Kuna mtindo wa kunyoosha mkono na kumsukuma samaki mbele ya kamera ili aonekane mkubwa kuliko kifua cha mshikaji. Lenzi kuu ya simu hukuza kilicho karibu, kwa hiyo ujanja huo unafaulu, mpaka mteja anapofika bwawani. Sipendi picha za namna hiyo na ningependa wafugaji wetu waziache. Mlaze samaki, weka rula kando yake kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, rudi nyuma hatua moja, kuza mara mbili, na simu iwe sambamba naye kabisa. Kama mizani ipo, iingie kwenye picha namba zake zikisomeka.

Usikawie, kwani rangi za samaki hutoka kwenye seli zinazoongozwa na neva na homoni, na samaki aliyehangaika kwenye karai au aliyekufa hubadilika upesi. Barafu na kivuli hulinda nyama, lakini rangi ya bwawani hairudi. Mnunuzi anayejua kazi atataka pia kuona jicho lililojaa na kung'aa, na mashavu mekundu. Inua kifuniko cha shavu kwa kidole na upige picha ya pili kwa karibu. Samaki utakayemrudisha majini, kwa mfano dume la mbegu, mshike kwa mikono iliyolowa, mkono mmoja chini ya tumbo, kwani ute unaomfunika ndio kinga yake dhidi ya vijidudu. Andaa mahali na gunia kabla ya kumtoa majini.

Picha yenye manufaa makubwa kuliko zote pengine haihusu soko. Ningu, Labeo victorianus kwa jina la kisayansi, alikuwa akipanda Mto Nzoia kwa wingi wakati wa mvua kwenda kuzaa, kabla ya nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito kumpunguza vibaya katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo kijana wa Webuye akimnasa ningu, au samaki asiyemfahamu, kwenye ndoano, picha yake ina thamani kwa afisa wa uvuvi wa kaunti na kwa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Watafiti huonyesha ubavu wa kushoto wa samaki, kichwa kikiwa kushoto, mapezi yametandazwa. Tandaza mkia: mistari myembamba ya wima hapo ni alama ya tilapia wa Nile. Piga na mdomo kwa chini, maana ningu ana midomo minene inayotazama chini. Kisha tuma picha kama faili, kwa sababu WhatsApp huibana picha ya kawaida na kufuta maelezo yake, na uandike tarehe pamoja na jina la mto: Kuywa, au Nzoia chini ya maporomoko ya Nabuyole.