Bandari Tulivu Yafika Kakuma

Msomaji wangu, nilikuwa na picha nikisafiri nayo mkobani: nakala ya bandari ya Port-en-Bessin, aliyoichora Mfaransa Georges Seurat kwa rangi za mafuta mwaka 1888. Matanga meupe, maji shwari. Seurat hakuzikoroga rangi zake hadi zikawa moja. Aliziweka nukta nukta, buluu kando ya rangi ya chungwa, kisha akaliachia jicho kazi ya kuziunganisha.

Siri hiyo niliifahamu Lodwar, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mama wa Kiturkana alikuwa akija, shingo imejaa shanga. Kwa mbali niliona kama kitambaa kimoja chekundu. Aliponikaribia, kumbe kila ushanga una rangi yake.

Kutoka hapo nikaenda Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Kambi za Mombasa zilipofungwa, baadhi ya watu wa Barawa waliokimbia vita vya Somalia walipelekwa huko, nchi kavu, mbali na bahari yao. Mzee mmoja, mwenye Chimiini kilicho ndugu wa Kiswahili chetu, nilimpa picha aitazame. Akaisogeza machoni, akaona nukta. Akainyoosha mbali, akanyamaza.

"Bandari imetulia, mwanangu," akasema. "Wenyewe wako wapi?"

Nikaitazama tena. Kweli, sura ya mtu haionekani. Miaka yote niliusifu utulivu wake, wala sikuuliza.

Picha nilimwachia.