Asilimia 15 ya Mshahara: Deni la Masomo ya Udaktari wa Meno na Huduma kwa Mgonjwa

Mkazi wa Saza, kata ya wachimbaji wa dhahabu katika Wilaya ya Songwe, anapopatwa na maumivu makali ya jino, hutaka kujua nani atamtibu na yuko umbali gani. Ni nadra afikiri kwamba daktari huyo, akipatikana, huenda bado analipia masomo yaliyompa ujuzi wake. Hata hivyo, mambo hayo mawili yanahusiana.

Chanzo cha deni

Shahada ya udaktari wa meno huchukua miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali. Wanafunzi wengi wasio na uwezo huyamudu masomo hayo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo hugharimia ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo na mafunzo kwa vitendo. Anayesoma miaka mitano hukopa kwa muda mrefu kuliko anayesoma mitatu, hivyo deni lake nalo huwa kubwa zaidi.

Makato yanavyofanyika

Mwajiri anatakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 anapomwajiri mhitimu, kisha humkata mnufaika asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, makato yalikuwa asilimia 8. Aliyejiajiri hulipa mwenyewe, si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi.

Tuchukue mfano wa mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,400,000. Mchango wa hifadhi ya jamii wa asilimia 5 ni 70,000. Bima ya afya ya asilimia 3 ni 42,000. Kodi ya mapato ni takriban 227,000. Bila deni, angebaki na 1,061,000. Makato ya mkopo ni 210,000, hivyo hubaki na 851,000. Asilimia 15 ya kwenye karatasi imekuwa karibu moja ya tano ya fedha ambazo angezishika mkononi. Ikiwa anadaiwa shilingi milioni 20, atakatwa kwa takriban miaka minane.

Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi. Deni lilitozwa asilimia 6 kila mwaka ili kulinda thamani ya mkopo. Kwa deni la milioni 20, tozo hiyo ni 1,200,000 kwa mwaka, yaani 100,000 kwa mwezi. Karibu nusu ya makato ingemezwa kabla deni halijapungua. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021.

Kinachomfikia mgonjwa

Makato hayatofautishi mjini na kijijini. Daktari aliyepo Mbeya au Tunduma anaweza kuongeza kipato jioni katika kliniki binafsi. Anayehudumia vijiji vya machimbo hana nafasi hiyo kwa urahisi. Akitaka kukopa benki anunue kiti cha meno, mashine ya hewa na vifaa vya kutakasia, makato ya Bodi tayari yamepunguza kiasi anachoweza kukopa, kwa kuwa mtumishi hapaswi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Deni si sababu pekee ya uhaba wa madaktari wa meno vijijini, lakini huongeza uzito upande mmoja wa mizani.

Wajibu wa mnufaika

Marejesho ndiyo yanayowakopesha wanafunzi wanaofuata, wakiwamo watoto wa wachimbaji wa Saza watakaotamani taaluma hii. Kwa hiyo mnufaika anashauriwa kutunza hati zake za mshahara, kulinganisha makato na taarifa ya deni lake kwenye Bodi kila mwaka, na kuhakikisha kwamba mwajiri mpya ameijulisha Bodi. Deni likiisha, adai cheti cha kumaliza kulipa na afuatilie kusitishwa kwa makato. Kilichokatwa zaidi huombewa kurejeshwa. Halmashauri nazo, zinapopanga motisha kwa watumishi wa maeneo ya mbali, zihesabu fedha anazobaki nazo mtumishi mkononi badala ya kutazama ngazi ya mshahara peke yake.