Shamba Moja, Mahindi ya Namna Mbili

Katika shamba langu, upande mmoja mahindi hunipita kichwa. Hatua kumi kando yake yamekwama magotini, tena ya manjano. Mvua ni ile ile. Miaka miwili nililaumu mbegu (sisi wachungaji tu wepesi wa kulaumu), mwishowe nikapatana bei na mtu, nimuuzie ile sehemu mbovu. Mama akaniuliza, “Umesahau zizi la baba yako lilikuwa wapi?” Lilikuwa pale penye mahindi marefu.

Samadi hukaa ardhini kuliko tudhanivyo. Mwaka 2018 wataalamu walieleza habari za maboma ya wafugaji wa kale kusini-magharibi mwa Kenya, yenye umri wa miaka 1,500 hadi 3,700. Udongo wa hapo ungali na rutuba kuliko wa kando.

Basi ile sehemu dhaifu yataka nini? Usikisie. Chukua udongo wake peke yake, usiuchanganye na ule mzuri, ukapimwe. Sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya udongo una asidi, na mbolea ya DAP ikitiwa mwaka baada ya mwaka huizidisha. Hapo fosforasi hushikwa na udongo, mmea usiipate. Chokaa ya kilimo hutangulia, kisha samadi iliyooza vizuri.

Katika Luka 13 mwenye shamba ataka mtini ukatwe. Miaka mitatu hauzai. Mtunzaji aomba mwaka mmoja tu, achimbe kuuzunguka, atie samadi. Nami nimemwendea yule mnunuzi, nikamwomba radhi.