Redio inayojua umefika kaunti gani

Unaendesha gari kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa, mbele mbingu imekuwa nyeusi tii, na redio inatangaza onyo la dhoruba kali kwa kaunti za Garvin na McClain. Swali dogo tu, msee: wewe uko kaunti gani saa hiyo?

Huku kwetu kaunti ni 47, na abiria yeyote wa matatu anajua kwamba akipita Salgaa bado yuko Nakuru. Marekani kuna zaidi ya 3,000. Jimbo la Texas pekee lina 254. Maonyo ya hali ya hewa kwenye redio husomwa kwa majina ya kaunti, na mgeni barabarani anajua tu namba ya barabara na kiasi cha petroli kilichobaki. Kaunti hazijui hata moja.

Hapo ndipo nilipoielewa skana ya binamu yangu. Kwa siku mbili nzima nilikuwa nimeichukulia kuwa mchezo wa wanaume wasio na la kufanya.

Ilikuwa mwezi Mei. Binamu alikuwa anahama Dallas kwenda Minneapolis, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba chapati na sukuma si shida kupata. Njia ni moja, I-35, zaidi ya maili 900, yaani karibu kilomita 1,500 ukipanda kutoka Texas hadi Oklahoma, Kansas, Missouri, Iowa na mwisho Minnesota. Garini tulikuwa wanne: yeye, shemeji, binti yao wa miaka 11 na mimi mgeni. Mizigo ilijaa hadi dirishani.

Skana ni redio ya kusikiliza tu. Haitumi sauti. Inaruka kutoka chaneli moja hadi nyingine kwa kasi, na ikikuta mtu anaongea inasimama, unasikiliza, akinyamaza inaendelea na safari yake. Unaweza kunasa wazimamoto, ambulensi, polisi wasioficha mawasiliano yao, reli, hata madereva wa malori. Ile ya binamu ni Uniden SDS200, ambayo mpya huuzwa kwa takriban dola 700. Yake aliinunua mkononi kwa mtu, na kifaa cha GPS alikitafuta kando kwa sababu hakiji ndani ya redio.

Kazi kubwa hufanywa nyumbani kabla ya safari, na hapa ndipo wengi huchoka. Unaunganisha redio na kompyuta kwa kebo, unafungua programu ya bure inayoitwa Sentinel, kisha unapakua orodha ya chaneli za Marekani nzima na kuiweka kwenye kadi ya kumbukumbu ya redio. Orodha hiyo inatokana na RadioReference, tovuti ambayo wapenzi wa redio huijaza na kuirekebisha kila mara. Ukisafiri na orodha ya mwaka jana utakuwa unasikiliza minara ambayo pengine ilishahama.

Ujanja wa GPS wenyewe ni rahisi kuelewa ukifikiria miduara. Kila idara kwenye orodha imepewa kitovu na mduara unaoonyesha eneo lake. Wewe nawe unabeba mduara wako, ambao kitovu chake ni gari lako na upana wake unauchagua kwa maili. Mduara wako ukigusa wa idara fulani, chaneli zake zinaamka. Ukiuacha nyuma, zinalala. Hugusi chochote. Bila GPS ungelazimika kusimama kila baada ya muda na kuandika msimbo wa posta wa mahali ulipo, na nani anaujua msimbo wa posta wa kijiji cha Oklahoma?

Lakini GPS yenyewe ilitusumbua Jumapili jioni nzima. Tuliichomeka, taa yake ikawaka vizuri, na redio ikabaki inadai haijui iko wapi. Binamu alibadilisha kebo. Akatoka nje akidhani paa la nyumba linaziba setilaiti. Kumbe tatizo lilikuwa la lugha: kifaa kilituma taarifa zake kwa kasi ya 4800 na redio ilikuwa imewekwa kusikiliza kwa 9600. Kubadilisha namba moja kwenye menyu, kwisha. Kama utawahi kukwama hapo, anza na namba hiyo kabla hujamlaumu muuzaji.

Kosa la pili lilikuwa tamaa. Binamu alipanga mduara wa maili 50 akiwa katikati ya Dallas. Jiji hilo na jirani yake Fort Worth yana idara nyingi ajabu, kwa hivyo redio ililemewa na chaneli. Kabla haijamaliza mzunguko, mazungumzo yaliyokuwa na maana yalikuwa yameisha. Tulisikia mtu akiagiza lori la takataka na mlinzi wa shule akitafuta ufunguo.

"Zima hiyo kelele, mtoto anataka kulala," shemeji alisema, na alikuwa na haki.

Basi tukapunguza. Mjini maili 5 hadi 10 zinatosha. Kwenye nyika, ambako unaweza kuendesha nusu saa bila kuona ghorofa, tulipandisha hadi 25 ili tusikie yaliyo mbele yetu kabla hatujayafikia. Tukazima pia aina za huduma tusizozihitaji: shule, biashara, ukarabati wa mabomba. Tukabakiza wazimamoto, ambulensi na polisi wa barabarani. Kando tukatengeneza orodha ndogo ya vitu visivyotegemea mahali, ukiwemo mkondo wa 19 wa CB kwenye 27.185 MHz, ambako madereva wa malori huonyana kuhusu ajali na misongamano. Siku hizi CB imepoa kwa sababu ya simu, ila pakitokea ajali inachangamka ghafla.

Tulivuka Mto Red, tukaingia kaunti inayoitwa Love (ndiyo, Love, na binti alicheka hadi Ardmore), kisha Carter, Murray, Garvin. Majina yalikuwa yakibadilika yenyewe kwenye skrini ya redio, na mtoto alipewa kazi ya kuyasoma kwa sauti.

Karibu na mji wa Pauls Valley tukasikia sauti ya mwanamke wa kituo cha simu za dharura, ametulia kabisa, akiwatuma wazimamoto wa McClain wakakae mahali pa kuchungulia dhoruba. Dakika chache baadaye mmoja wao akajibu kwamba mawe ya mvua yanaanguka, yana ukubwa wa mpira wa gofu.

"Anko, sisi tuko Garvin," binti akasema. "McClain ndiyo inayofuata."

Simu zetu zote zilikuwa kimya. Baadaye nilijua sababu. Onyo la tonado hulia kwenye simu, lakini kwa dhoruba za kawaida za radi Marekani ilipandisha kiwango mwaka 2021: simu hulia tu ikiwa upepo unatarajiwa kufikia maili 80 kwa saa au mawe ya mvua yana ukubwa wa mpira wa besiboli. Mpira wa gofu haufiki hapo. Kioo cha gari hakijui tofauti hiyo.

Sasa kilichoniuma ni kwamba redio ya binamu ina king'ora cha hali ya hewa. Shirika la hali ya hewa la nchi hiyo hurusha matangazo mchana na usiku kwenye masafa saba kati ya 162.400 na 162.550 MHz, na skana inaweza kuyachungulia kila mara huku ikiendelea na kazi yake. Mbona haikulia? Kwa sababu nyumbani Dallas alikuwa ameiwekea namba ya kaunti yake peke yake ili isimwamshe usiku kwa mvua ya watu wengine. GPS ilikuwa imehamisha kila kitu kingine, lakini namba ile aliiweka kwa mkono na ilibaki Dallas. Tulikuwa kilomita zaidi ya 200 kutoka nyumbani na king'ora bado kinalinda nyumba tupu. Ukisafiri, ondoa namba ya kwenu na uache redio ipokee maonyo yote. Italia mara nyingi. Vumilia.

Tulitoka barabarani, tukasimama chini ya paa la kituo cha petroli na kukaa pale dakika 40. Pale kwetu ilinyesha tu. Gari la kwanza kufika kutoka kaskazini lilikuwa na kioo cha mbele kilichopasuka kama utando wa buibui, na mwenyewe alishuka akitetemeka. Hakuna aliyezungumza tena kuhusu kuzima kelele.

Tulipoendelea tulipita Moore, mji ulio kwenye barabara hiyohiyo, ambao Mei 20, 2013 ulipigwa na tonado ya daraja la juu kabisa na watu 24 wakafariki. Binamu alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Si kila kitu utakachosikia utapenda kukisikia. Huko Kansas, usiku, tulimsikia mhudumu wa ambulensi akipewa anwani kamili ya bibi aliyeanguka bafuni. Nyumba, mtaa, umri. Nilijihisi kama mtu aliyechungulia dirishani. Polisi wa miji mingi wamefunga mawasiliano yao kwa msimbo, Denver ikiwemo tangu 2019, na skana yoyote utakayonunua haitaufungua. Wanahabari wa huko wanalalamika. Mimi, baada ya yule bibi, sina uhakika niko upande gani.

Wewe uliye Nairobi usikimbilie kuiagiza. Vifaa vya mawasiliano ya redio nchini viko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na orodha ya chaneli inayoipa skana hiyo akili ni ya Amerika Kaskazini. Huku itakuwa redio ghali isiyojua iko wapi. Kwa sasa tutaendelea na taa za matatu inayotoka upande wa pili.

Hata Marekani kwenyewe sheria hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Florida, Indiana, Kentucky, New York na Minnesota zina vizuizi kuhusu skana ndani ya gari. Minnesota inataka kibali kwa gari lenye redio inayoweza kunasa polisi, isipokuwa kama una leseni ya redio ya ridhaa. Kwa hivyo Northwood, mji wa mwisho wa Iowa, tulisimama, binamu akaifungua redio, akaikunja na kebo zake ndani ya taulo na kuizika chini ya masufuria.

Kuanzia hapo niliendesha mimi. Yeye alikaa kiti cha nyuma na simu, akisoma mtihani wa leseni hiyo: maswali 35, unapita ukipata 26. Binti yake ndiye aliyekuwa akimuuliza, na kufikia Albert Lea alikuwa amekosa tisa.